Jiko la lori lizamishwe, lakini lipewe hewa

UKIINGIA Buyenzi kwenye avenyu zenye gereji siku yoyote ya kazi, hutakosa kuona lori la safari ndefu limeegeshwa, utingo amechuchumaa ubavuni mwa tela na fundi wa kuchomelea ameshika grainda. Usidhani wanashughulikia springi au bodi. Mara nyingi wanazamisha jiko la gesi ndani ya sanduku la vyombo.

Kwa asiyelijua sanduku hilo, nitaeleza kidogo. Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura husafiri zaidi ya kilomita 1,500. Njiani kuna mizani, kuna foleni, kuna matairi ya kupasuka, halafu kuna mpaka wa Kabanga na Kobero ambako karatasi moja ikikosekana gari linalala. Dereva na utingo wake hawawezi kula hotelini siku zote hizo. Kwa hiyo chini ya tela huning'inizwa sanduku la bati nene, na humo ndimo zilimo sufuria, unga, mchele, chumvi, dumu la maji, mwiko na jiko.

Zamani jiko lilitolewa likawekwa chini, nyuma ya tairi, ili upepo usiuzime moto. Utingo alipika ameinama kama mtu anayepalilia. Sasa vijana wamebuni jambo lao: mlango wa sanduku unafunguka kwenda chini unakuwa meza, na ndani fundi anakata tundu la pembe nne katika bati la rafu, kisha anatumbukiza jiko la plati mbili mpaka uso wake unalingana na rafu. Ukifunga mlango, kila kitu kimetulia. Ukifungua, jiko liko tayari.

Nililipenda jambo hili tangu nilipoliona mara ya kwanza, na bado nalipenda. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokwenda likizo na magari yenye kitanda, choo na jiko, yaani nyumba juu ya magurudumu, na majiko yao huzamishwa vivyo hivyo katika meza, yakafunikwa kwa kioo. Mzungu anafanya hivyo kwa starehe. Utingo wa Buyenzi anafanya kwa kazi, tena kwa vyuma chakavu, na sioni kwa nini asipewe heshima ileile ya ufundi.

Lakini nina neno na mafundi wetu, na zaidi nina neno na wenye magari.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wazazi wangu walikimbia nchi mwaka 1972, nami nikazaliwa na kusomeshwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Nilirudi Burundi mwaka 2009. Huko Ulyankulu tulisoma kwa Kiswahili, na katika shule ya msingi kulikuwa na somo la Sayansi Kimu ambalo wavulana wengi walilidharau kwa kuwa lilihusu mapishi. Humo ndimo nilimosikia kwamba moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Ukiondoa kimoja, moto unakufa. Ukipunguza kimoja, moto haufi, ila unaharibika, na moto ulioharibika ni hatari kuliko uliokufa.

Jiko lililozamishwa vibaya limepunguziwa hewa. Ukilitazama jiko la gesi la dukani utaona lina miguu mifupi. Miguu ile haikuwekwa kwa urembo. Chini ya kila plati kuna bomba lenye tundu, na gesi inapopita kwa kasi hapo huvuta hewa kutoka chini ya jiko, vikachanganyika kabla ya kufika motoni. Sasa fundi akilibana jiko katika tundu la bati pande zote nne, na chini yake kukawa na sanduku lililofungwa, jiko litavuta hewa kutoka wapi? Litavuta iliyomo sandukuni hadi ipungue, kisha litaanza kuvuta moshi wake lenyewe.

Dalili yake kila utingo anaijua ingawa hajui jina lake. Moto unaacha kuwa wa buluu unakuwa wa njano. Sufuria inaota masizi matako yote. Macho yanawasha. Gesi ya mtungi wa kilo 6 inakwisha kabla ya safari kuisha, na lawama inaangukia kwa muuza gesi kwamba amepunja.

Hapo ongeza jambo la milima yetu. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya bahari, na gari linalotoka Kobero kupitia Muyinga na Kayanza hupita Bugarama, ambako ni zaidi ya mita 2,000. Kule juu hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanayoiva vizuri Morogoro yanakushinda Bugarama, ukadhani umeuziwa ya mwaka juzi. Kwa hiyo mahali penye hewa kidogo kuliko pote njiani ndipo unapolazimika kuwasha jiko muda mrefu kuliko kote. Jiko lililobanwa linaweza kuonekana zima kabisa Nzega na Kahama, likaanza kutoa masizi likipanda huku kwetu.

Masizi ni hasara tu. Kubwa zaidi ni gesi inayovuja.

Watu wengi wanaamini kwamba gesi yoyote ikivuja hupanda juu ikaondoka. Gesi asilia inayochimbwa Songo Songo na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004 ndiyo hupanda, kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni nyingine kabisa. Ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na ni nzito kuliko hewa, propeni mara moja na nusu hivi, buteni karibu mara mbili. Ikivuja inatiririka chini kama maji na kutuama mahali pa chini kabisa. Sasa sanduku la bati lisilo na tundu sakafuni ni nini, kama si ndoo ya kuikingia?

Naomba msomaji anivumilie nifanye hesabu moja, maana ndiyo kazi yangu. Sanduku la kawaida lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60. Hizo ni lita 540. Gesi ya mtungi ikifika sehemu mbili hivi kwa mia za hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Sehemu mbili kwa mia za lita 540 ni lita 11 kasoro kidogo, na lita hizo za gesi zina uzito wa gramu kama 25. Mtungi mdogo una gramu 6,000. Yaani kinachohitajika ni uzito wa vijiko viwili vya mezani vya sukari, kivuje usiku kucha kupitia klipu iliyolegea kwa sababu ya mashimo ya barabara, na sanduku linakuwa bomu.

Kijana niliyemfundisha darasa la tisa yalimkuta haya katika msimu wa mvua uliopita. Walilala kwenye maegesho njiani. Alfajiri akafungua mlango wa sanduku achemshe chai, na kwa kuwa kulikuwa na baridi na pua imeziba, hakusikia harufu. Akawasha kiberiti. Anasema hakusikia mlipuko, alisikia kama mtu amepuliza kwa nguvu. Nyusi zilikwenda, na mkono wa kulia ukaungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwalimu, mpira ulikuwa mpya, nimeununua mwenyewe." Nilimwamini. Mpira mpya uliofungwa kwa waya badala ya klipu hauna upya wowote. Mwenye gari alimwajiri mwingine wiki hiyohiyo.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku majiko kwenye malori, watu wale mahotelini. Nimemsikia hata mwenye magari mmoja akijigamba kwamba ameng'oa masanduku yote. Nilimuuliza kama ameongeza posho ya chakula. Akacheka. Basi utingo wake anapika vilevile, ila sasa anapikia kwenye kabini, na hapo ndipo hasa pa kuogopa. Marufuku isiyoambatana na fedha ya chakula hainyimi mtu njaa.

Na kuna wanaokwepa gesi wakarudi kwenye makaa. Waliorejea kutoka kambini, mimi mmojawao, tunaliamini mno jiko la makaa kwa kuwa halilipuki. Ni kweli halilipuki. Linaua kwa njia nyingine. Makaa yakiungua penye hewa haba yanatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayeivuta husinzia kama aliyechoka. Kule Bugarama penye ukungu, kuingiza mbabura kwenye kabini ili kupata joto na kufunga vioo ni kulala usingizi ambao huenda usiamke. Vivyo hivyo katika vyumba vyetu vya kupanga hapa Buyenzi wakati wa mvua, mtu anapoingiza jiko ndani na kuziba upenyo wa mlango kwa nguo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jiko lizamishwe, lakini lifanyiwe marekebisho, na anayelipia marekebisho awe mwenye gari.

Marekebisho yenyewe si makubwa, na mafundi wa hapa wanaweza kuyafanya kwa macho makavu. Kwanza, tundu la rafu lisiwe saizi ya jiko. Libaki na nafasi ya vidole viwili kila upande, na jiko likalie vyuma vinne vya kona vilivyochomelewa chini ya rafu, siyo kubanwa na bati. Jiko lenyewe lifungwe kwa bolti lisirukeruke, ila hewa ipite pembeni mwake na chini yake.

Pili, lisizamishwe mno. Vijana wanapenda uso wa jiko ushuke hata chini ya rafu ili sufuria isimame kama imo ndani ya kisima, wakisema upepo hautauzima moto. Upepo hautauzima, sawa, lakini moto utajirudi chini kwenye vishikizo na kwenye mpira. Mabano ya kukalishia sufuria yasimame juu ya rafu. Kama upepo unasumbua, fundi aweke ubao wa bati pande tatu, wa kukunja, na upande wa mpishi ubaki wazi. Hili la upepo lisidharauliwe, kwa sababu majiko mengi ya bei nafuu hayana kifaa cha kukata gesi moto unapozimika. Lori jingine likipita kwa kasi na kuuzima moto, gesi inaendelea kutoka kimyakimya, na wewe umeenda kuchota maji.

Tatu, na kama ni la kuchagua moja ningechagua hili, sakafu ya sanduku itobolewe. Mimi ningesema matundu yake yote kwa pamoja yasipungue sehemu mbili kwa mia za sakafu. Kwa sanduku lile la hesabu yetu, hayo ni matundu 15 hivi yenye upana wa sentimita 4. Yawekwe wavu wa waya panya wasiingie, na mengine machache yatobolewe juu ubavuni ili moshi na joto vipate pa kutokea. Fundi mmoja alinijibu kwamba matundu yataingiza matope. Yataingiza, ndiyo. Basi yatobolewe mbali na tairi, wawekee kinga ya mpira mbele yake, na utingo ayazibue kila akiosha sufuria. Tope linaoshwa.

Na mtungi? Mtungi usimame wima, daima. Ukilazwa, gesi ambayo bado ni maji inaingia kwenye regulata, na moto unaruka juu kama wa fundi wa kuchomelea. Bora mtungi upewe kichumba chake pembeni, kilichotengwa na jiko kwa bati na chenye matundu yake chini, mpira upite kwenye tundu lililozungushiwa raba usikatwe na ukingo wa bati. Kila ncha ya mpira ifungwe klipu ya skrubu. Gari likianza kuondoka, mtungi ufungwe, siyo jiko tu. Kuujua mvujo hakuhitaji chombo: povu la sabuni juu ya viungo, na likivimba umeshapata jibu. Kiberiti si kipimo.

Kwa lori la mafuta ya petroli sina mjadala wowote. Hilo lisiwe na jiko la aina yoyote, lizamishwe au lisizamishwe, na dereva wake alipwe fedha ya kula.

Nimewaonyesha mafundi wawili watatu maelezo haya na hakuna aliyeshangaa. Wanajua. Mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, mteja anataka lipendeze na anataka bei ndogo. Nikimwambia nitoboe sanduku lake jipya anaona namharibia." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo si elimu ya fundi. Anayepika si anayelipa, na anayelipa hajawahi kupika kwenye sanduku hilo.

Tuna mfano mzuri jirani. Jiko la makaa la Kenya, lile lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchoma ndani, lilianza kuenea miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini mafundi wa bati wa Nairobi, wakiwemo wa Shauri Moyo, ndio waliolitengeneza kwa maelfu. Kimlango chake cha chini cha kuingizia hewa mpishi hukifungua na kukifunga atakavyo. Mafundi wa Buyenzi hawana upungufu wowote ukiwalinganisha na wale. Wanachokosa ni mteja anayeuliza swali la hewa kabla ya swali la bei.

Ninaandika haya sasa kwa sababu gesi inakuja kwa kasi kuliko tahadhari zake. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Majirani zetu wakihamia kwenye mitungi, na sisi tunaovuka mpaka kila wiki tutahamia nayo. Tayari akina mama wanaofanya biashara Kigoma na kurudi kupitia Manyovu na Mugina wanabeba majiko hayo pamoja na dagaa wao, na maelezo yaliyomo katoni yameandikwa Kichina na Kiingereza. Nani atawasomea?

Nina maombi mawili. Wenye magari, mnapopeleka gari Buyenzi kubadilishiwa breki, mlipie na matundu ya sanduku. Gharama yake haifiki hata ya tairi moja kuukuu, na kazi ni ya nusu siku. Wafanyabiashara mnaokodi malori, ninyi ndio mna sauti kuliko mnavyofikiri: kabla hamjapakia, fungueni sanduku, muiname, mtazame sakafuni. Mkiona mwanga wa barabara kupitia matundu, pakieni. Msipouona, mwambieni dereva aanzie kwa fundi. Gunia lenu la mchele liko juu ya sanduku hilohilo.

Kijana wangu amepona, ingawa vidole viwili havikunji vizuri. Hapandi tena lori. Yuko kwa fundi mmoja hapa hapa, anajifunza kuchomelea, na kazi aliyopewa kwanza ni ya keekee: kutoboa.